Tableti za Wageni

Mpaka leo nikisikia mtu akisema "mwalimu wa kidijitali" natamani kutema mate. Mimi nilifunzwa kompyuta kwa karatasi ya manila. Chuoni kwetu Kawangware, mkufunzi alichora kibodi kwa kalamu nyeusi, akaibandika ukutani, nasi tukapiga foleni kuibonyeza kwa kidole. Ukipata herufi, unapigiwa makofi. Kompyuta zenyewe zilikuwa chumba cha pili, zimefungiwa, bado ziko ndani ya nailoni zake. "Mtaziharibu," alituambia. Watu wazima, jamani!

Kisha nikatumwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mabati huko kijiji cha Raila, Kibera. Nilipewa gredi ya tatu. Tableti zilikuwepo, ndani ya kabati ya chuma, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwalimu mkuu. Zilitoka siku ya wageni tu. Watoto wananawishwa mikono, tableti zinapanguswa vumbi, picha zinapigwa, zinarudi kabatini. Kuchajiwa, ng'o.

Mkufunzi wangu alipangiwa kuja kunikagua Alhamisi, nikifundisha kwa tableti. Nikianguka hapo, narudia mwaka mzima. Jumanne nikamwomba mwalimu mkuu ufunguo nizitie chaji. Akacheka.

"Madam, tulia. Mgeni haangalii kioo. Anaangalia watoto."

Ningekataa. Sikukataa, na hapo ndipo najionea kinyaa. Jumatano yote niliwafunza watoto wale kutelezesha kidole juu ya madaftari yao, kuinamisha vichwa, na kusema "waa!" nikikohoa. Walishika upesi, maskini. Alhamisi wakapewa tableti zilizokufa, wakatelezesha vidole, nikakohoa, wakasema waa. Mkufunzi alisimama mlangoni akijaza fomu yake, hata hakuingia. Alijua. Mtu aliyetufunza kwa manila angekosaje kujua?

"Hongera, mwalimu," akaniambia. "Kazi safi sana."

Nikasema asante! Nilitabasamu kabisa, meno yote nje.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha kazini: nilipata alama za juu kuliko wenzangu wote, na nilipomaliza chuo shule ileile ikaniajiri. Watoto wangu sasa walikuwa gredi ya nne. Nilimsumbua mwalimu mkuu wiki baada ya wiki mpaka akanipa ule ufunguo, shingo upande. Nikazibeba tableti zote hadi kwa fundi wa simu kando ya njia, zikashinda huko zikichajiwa. Nilijiambia nitalifuta lile doa.

Asubuhi yake nikazigawa. Hakukuwa na mgeni, hakukuwa na picha. Nikawaambia wabonyeze kitufe cha pembeni, wangoje.

Nani angengoja? Vidole vilianza kuteleza kabla sijamaliza kusema. Vumbi la asubuhi lilinikwama kooni, nikakohoa, na darasa zima likasema waa.

Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele, yule aliyekuwa hodari kuliko wote siku ya ukaguzi, akaiweka tableti yake chini polepole, akaficha mikono chini ya dawati. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Ticha, si mimi," akasema. "Hii yangu imeharibika. Imewaka."