Daftari la Majina la Kukhu

Jumamosi iliyopita nilitoka Kitale nikaenda Kimilili kufunga nyumba ya Kukhu. Ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake baba, ambaye tulimzika mwezi uliopita. Chini ya godoro lake nikapata daftari la majina ya chama. Nikaketi pale pale kitandani, rafiki yangu, kazi ikanishinda.

Chama kilikuwa cha akina mama kumi na wawili wa kijijini. Walikutana kwa Kukhu Jumamosi moja kila mwezi, wakitoka kupalilia, miguu bado ina udongo. Sisi wajukuu tulikuwa tumechemsha viazi vitamu tangu asubuhi, kuni mbichi zikitutoa machozi. Chai ya maziwa ilinukia hadi barabarani. Wakishachekana vya kutosha, Kukhu alivaa miwani akasoma jina moja moja, na kila aliyetajwa akaitika, "Nipo!" Watoto tuliwaigiza, tukafukuzwa kwa mwiko.

Sheria yao ilikuwa moja tu: ukikosa mara mbili, chama kinahamia kwako. Hukuulizwa. Walibeba sufuria, viti na majembe, wakakulimia kwanza, ndipo wakaketi. Aliyekosa kwa uvivu aliona haya mwaka mzima. "Jifya moja haliinjiki chungu," Kukhu alipenda kusema, na ukimsikia hivyo ujue ameshajifunga leso kiunoni.

Siku moja walihamia kwa jirani yetu aliyefiwa na mwanawe. Miezi miwili hakuwa ametoka. Alipotuona tunakuja, akajifungia ndani.

"Mama, si ufungue bana, chai inapoa," mmoja akabembeleza.

"Wacha akae," Kukhu akasema. "Hata sisi tutakaa."

Wakapalilia mahindi yake yote, kisha wakaketi mbele ya ule mlango wakanywa chai. Kukhu akasoma majina. Alipofika kwa jirani, akangoja. Kuku walipita katikati yetu wakitafuta makombo ya viazi. Akasoma jina lile lile tena, akangoja. Mara ya tatu tukasikia sauti nyembamba ndani: "Nipo." Kukhu alivua miwani akaifuta kwa leso, na wala haikuwa na vumbi.

Nilipoolewa, aliniandika chamani. Nilifurahi, lakini nilikuwa na duka Kitale, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Wenzake wakapungua, huyu kaburini, yule kwa watoto wake Bungoma. Vijana wakafungua kundi la simu, ambako watu hutumiana maua na "Amina", na hakuna anayempalilia mtu shamba. Kukhu alikuwa akinipigia. "Mjukuu wangu, kuja hata uitike tu, urudi." Nami nikajibu, nakuja, Kukhu.

Pale kitandani nikalifungua daftari. Jina langu ndilo la mwisho, na mbele yake, mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko wake unaotetemeka: anakuja, anakuja, anakuja. Sheria ilisema chama kihamie kwangu. Lakini kilibaki na watu wawili tu, na miguu ya Kukhu isingefika hata Chwele, sembuse Kitale. Niliona aibu ambayo sijui nitaipeleka wapi.

Kama una chama mahali, rafiki yangu, nenda. Wateja watakungoja. Wazee hawawezi kungoja hivyo.

Jirani aliingia na birika la chai, yule yule wa ule mlango, mzee sasa, ndiye wa mwisho kijijini wa wale kumi na wawili. Aliona nilichoshika, akakichukua, akaketi kwenye kiti cha Kukhu. Akasoma majina yote, hata ya waliokufa, kila moja akilingojea kidogo. La kwake akaliitikia mwenyewe. Kisha akasoma langu, akainua macho.

"Nipo," nikasema.

Akatafuta kalamu kitandani, juu ya meza, mfukoni mwa koti la Kukhu. Hakuipata, na mimi nilikuwa nimekuja bila kalamu.