Kichanuo Kwenye Ncha ya Kafi

"Kama mpiganaji wenu ni mwizi, semeni tu ni mwizi, munipe kisanuo yangu niende nimalize kichwa!"

Libérate alikuwa amesimama mbele ya meza ya duka, na kichwa chenyewe kilikuwa kinamsaidia kulalamika. Upande wa kuume nywele zilikwisha kuchanwa na kufungwa uzi. Upande wa kushoto zilisimama kama kichaka kilichonyeshewa, na povu la sabuni lilikuwa linamtiririka sikioni. Duka hilo la Kalundu, mwenye mali alikuwa amelikimbia, na tangu mwezi wa tano wa mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walikuwa wameligeuza ofisi. Nyuma ya meza alikaa Komanda Ildephonse. Kando yake alisimama mpiganaji Sylvestre, mtu wa milima ya Lemera, ngozi ya tumbili mabegani, amekishika kichanuo kwa mikono miwili kifuani kama mshumaa wa komunyo ya kwanza.

"Mukubwa, usimurudishie!" Sylvestre alisema. "Amekuja kuomba. Si ndivyo wanafanyaka? Wanakuja kuomba!"

"Ninaomba juu ni yangu!"

"Umesikia, Mukubwa? Amekubali ni yake."

Komanda akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa hati.

Mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ile Libérate alikwenda ziwani kuosha kichwa, na kwake hiyo haikuwa kazi ya kupitisha mkono tu. Nywele zake zikivutwa zilifika katikati ya mgongo, nzito kama mkeka uliolowa. Alizigawa, akaosha upande mmoja, akauchana kuanzia nchani kwenda juu, maana anayeanzia juu huvunja meno ya kichanuo kwanza, kisha huanza kusaga ya kwake. Akafunga uzi. Akapaka upande wa pili sabuni, akaacha kichanuo na kioo juu ya jiwe, akazama kusuuza. Alipozuka, nywele zimemfunika nusu ya uso, Sylvestre alikuwa anapita kwenye zamu. Mtu huyo alikuwa hajawahi kuliona ziwa kwa karibu, wala nywele nyingi namna hiyo kwa mwanamke mmoja. Ila habari za mamba muntu alizisikia: mwanamke wa majini, anakaa juu ya jiwe, anachana nywele ndefu, na ukimchukulia kichanuo chake atakuja mwenyewe kukiomba, na atakulipa utajiri. Sylvestre akanyakua kichanuo, akakimbia. Kioo alikiacha. Alisema baadaye kwamba hakutaka kuonekana mlafi.

"Minye ni bibi ya Firmin muvuvi," Libérate alisema. "Nimezaliwa Nyakabere, baba yangu analima muhogo. Mana yanje, Mungu wangu, mamba muntu gani anatokea kwenye muhogo?"

"Angesema nini kingine?" Sylvestre akamnong'oneza Komanda. "Hawakubalike siku ya kwanza."

Komanda hakuwa mjinga, na hapo ndipo penye shida, maana mjinga angerudisha kichanuo tu. Yeye alifikiri. Dawa ya Simba, ile ya kugeuza risasi kuwa maji, ilikuwa na masharti: mpiganaji asiguse mwanamke, asitazame nyuma vitani, asiibe. Mama huyu akiwa mtu, basi Sylvestre ameiba na dawa yake imekufa. Dawa yake ikiwa imekufa, na wenzake wamekula naye sahani moja, labda na zao zinaumwa. Mganga wa dawa alikuwa amekwenda Fizi, na hakuna aliyejua atarudi lini. Lakini mama huyu akiwa mamba muntu, hakuna wizi. Kitu cha mamba muntu hakiibwi, kinaokotwa.

"Leteni shahidi," akasema. "Mutu anayemujua."

Wakaenda kumwita mama mkwe.

Hapo Libérate aliona mambo yanamharibikia. Zamani kule shuleni masista walikuwa wanawanyoa wasichana vichwa kila mwezi, na mwaka wa uhuru, wakati wengine walipodai vyeo na magari ya wazungu, yeye alidai nywele. Hakuzikata tena tangu siku ile. Firmin alimwoa nazo, akazipenda, akamchongea kichanuo cha mti chenye meno mapana, kwa sababu vile vya dukani vilikuwa vinakatikia humo na kupotea. Kisha Firmin akavuka kwenda Burundi kutafuta nyuzi za nyavu, vita vikafunga ziwa, na habari zake zikaisha. Mama mkwe, jina lake Agathe, alikwisha kumlilia mwanawe na sasa alitaka kilio kiende kwa utaratibu: mjane anyolewe. Libérate alikataa. Alisema maadamu yeye hajanyolewa, mume wake ni mzima. Na nywele kama zile, zikikosa kichanuo siku chache, zinajisokota zikawa bonge moja, na bonge lile linafunguliwa na wembe tu. Ndiyo maana alikuja mbele ya bunduki na povu sikioni. Alikuwa anamdai Firmin.

Agathe akafika, kitambaa kichwani, wembe umefungwa kwenye pindo la kitenge. Wembe huo alitembea nao kila mahali.

"Mama," Komanda akamwuliza, "huyu ni muntu?"

"Muntu?" Agathe akamtazama mkamwana wake kutoka nywele hadi vidole. "Mwanangu amekufa kwenye maji, huyu anaoga kwenye maji yale yale! Anapaka mafuta, anajitazama kwenye kioo. Ugali yake mabonge. Ndagala anakula yeye, minye ananibakishia vichwa. Unaniuliza kama ni muntu? Munipe ruhusa ninyoe hii kichwa leo, ndipo tutaona kama chini yake iko muntu!"

Akafungua pindo, akatoa wembe.

Komanda aliruka juu ya meza. "Weka chini! Hakuna mutu wa kugusa hizo nywele! Zikikatwa, utajiri yetu inaisha!"

Hukumu ikatoka palepale. Mama huyu ni mamba muntu, na shahidi hakukana. Nywele zake ni mali ya mapinduzi. Zitaoshwa na kuchanwa kwa sabuni na mafuta ya stoo ya duka, mpaka atakapolipa. Kichanuo kitabaki mkononi mwa aliyekiokota, asikiachilie hata kidogo.

"Na atanichana nani?" Libérate akauliza.

"Yeye."

"Mukubwa, minye nimekatazwa kugusa bibi!" Sylvestre akalia.

Komanda akafikiri tena. Kwa bahati mbaya, fikra zake zilikuwa hazikosi kitu cha kumletea.

Basi watu wa Kalundu wakaona mambo. Kila asubuhi Libérate alikaa juu ya jiwe lake, mgongo kwa nchi kavu, na nyuma yake, kwa urefu wa kafi la mtumbwi, alisimama mpiganaji mwenye bunduki begani, anamchana kwa kichanuo kilichofungwa kwenye ncha ya lile kafi. Siku ya kwanza alimvuta mpaka akaanguka chali.

"Weye unachana ao unalima?"

"Minye ni mulimaji, Mama."

"Basi hapa hakuna viazi! Anzia kwenye ncha. Chini, chini! Ukikuta fundo, simama, pita kando yake, rudi. Na mafuta kwanza, usichane kavu."

Akajifunza. Wiki hazikuwa nyingi na tayari alijua kugawa mafungu kwa kafi, kazi ambayo wanawake wengine hawaiwezi kwa vidole. Mji mzima ulikuwa unanawa kwa jivu, Libérate peke yake alikuwa na sabuni ya duka, na nywele zake hazikuwahi kung'aa hivyo. Agathe alikuja kila siku, akakaa mchangani na wembe wake, akatazama.

Kila baada ya kuchana Sylvestre alikohoa kwa adabu, akadai. Mwanzoni alitaka kamyo, lori zima. Wiki iliyofuata akasema duka dogo litatosha. Kisha ndege za serikali zikaanza kupita juu ya bonde la Ruzizi, akashuka kwenye ng'ombe. Komanda alipopakia stoo yote ndani ya gari akaenda "kwenye mukutano Fizi", ng'ombe akawa viatu. Mwanamke hakufungua mdomo, na deni likajikata lenyewe.

Asubuhi moja akaja anatetemeka, kichanuo kikawa kinamgonga Libérate sikioni.

"Mama, suruali. Suruali ya raia tu, nitakurudishia kisanuo. Askari wa serikali wameshuka kutoka Kamanyola. Na hii ngozi ya tumbili nitafika Lemera namna gani?"

"Chukua kwenye kamba ya nguo za watu. Wote wamekimbia."

"Kuiba nimekatazwa."

"Na kisanuo yangu?"

"Ile niliokota."

Libérate alikuwa anatafuta neno la kumtukana, akaona kichwa cha mtu kinazuka majini. Mvuvi fulani alikuwa amemvusha mtu kutoka ng'ambo, akaona Simba ufukoni, akamsukuma abiria wake ajiogelee. Mtu akasimama, maji kiunoni, kisha magotini, kifua wazi, suruali ya kaki inachuruzika. Alikuwa Firmin, amekonda, mzima.

Nyuma, kafi likaanguka. Bunduki ikalia klak.

"Nani yule? Anatoka Burundi! Ni mupelelezi!"

Wapelelezi walikuwa hawaulizwi mara mbili. Mchangani Agathe alifungua mdomo wote, na kila mtu angejua ni neno gani linakuja.

"Piga magoti!" Libérate alipaaza sauti. Alisimama juu ya jiwe, nywele zimemwagika nusu zimechanwa. "Agathe, piga magoti! Na weye Sylvestre, unataka kumupiga mutumishi wangu anayekuletea suruali?"

Sylvestre akashusha bunduki. Agathe akamtazama mwanawe, akaitazama bunduki, akameza neno lake. Akapiga magoti mbele ya mkamwana wake.

"Ndiyo, Mama wa maji," akasema, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayemeza mwiba wa samaki.

"Mbona ameivaa?" Sylvestre akauliza.

"Ulitaka ije namna gani, kwa posta?"

"Libérate, minye…" Firmin alianza.

"Kimya! Watumishi wangu hawasemake kwenye nchi kavu. Vua."

"Nini?"

"Suruali. Vua, ulipe."

Firmin alikuwa ameacha nyumbani mke na mama. Sasa alimkuta mama amepiga magoti, mke amesimama juu ya jiwe, na Simba amesimama kando ya kichanuo chenye mpini mrefu kama mwanamume. Akavua. Libérate akamrushia kitenge chake cha juu, naye akajifunga nacho haraka, kwa fundo baya.

Sylvestre akaenda nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, akaikamua suruali, akaivaa. Ngozi ya tumbili akaificha chini ya mtumbwi, na bunduki pia. Aliporudi alikuwa mlimaji tu, anashika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja.

"Mama, kifungo kimoja hakuna."

"Kifungo nitakuleteaka," Libérate akasema. Macho yake hayakuwa kwa Sylvestre tena, yalikuwa kwa Firmin.

Sylvestre akafikiri. Akaokota kafi, akapangusa mchanga kwenye meno ya kichanuo, moja moja, akalilaza juu ya jiwe, ncha imeelekea miguuni mwa Libérate.

"Hapana, Mama," akasema. "Hicho kifungo nimekusamehe."

Akashika njia ya milimani, mkono mmoja ukiizuia suruali isianguke.