Kikao Kilichohamia Wodini

"Shangazi, hivi bosi wa hospitali ni nani?"

Aliyeuliza ni mpwa wake wa darasa la pili, akimtazama akikunja shuka za chumba cha upasuaji. Shangazi Povu, mfuaji wa hospitali na mjumbe wa wafanyakazi kwenye kamati ya uendeshaji, alijikuna kichwa. Daktari mkuu alikuwa chini ya kamati. Kamati ilikuwa chini ya mwenyekiti. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, alikuwa chini ya mkewe.

"Kula chungwa lako kwanza," alisema.

Wakati huo mashine ya kufulia ilikuwa imekata roho. Fundi yupo, lakini bila idhini ya kamati haruhusiwi kugusa hata skrubu. Na kila kikao mwenyekiti aliipiga kalenda ajenda ya mashine, eti si ya dharura, waanze na rangi ya geti. Povu akafua kwa mikono mpaka vidole vikanywea, na bado shuka za upasuaji zilikuwa zinaisha. Zikiisha, hapasuliwi mtu.

Siku ya kikao wakafika wajumbe wanne. Akidi ni watano. Wakangoja, wakapiga miayo.

"Mwenyekiti yuko wapi?" daktari mkuu aliuliza.

"Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani," alijibu muuguzi mkuu. "Ngiri. Anapasuliwa kesho."

Kicheko kilimpanda Povu kutoka nyayoni. Akakibana mdomoni, kikatokea puani.

"Basi twendeni, jamani. Yeye hawezi kutembea, lakini kikao kina miguu."

Wakajitwika viti, wakapita koridoni kwa mlolongo, katibu mbele na muhuri wake kama anasindikiza maharusi. Mwenyekiti akafungua kikao akiwa chali.

"Ajenda ya kwanza, rangi ya geti."

"Samahani, mwenyekiti," Povu alisema. "Shuka za kukufunika kesho sina. Zilizobaki ni za watoto. Zitakufika kitovuni, kwingine tumwachie Mungu."

Wodi ikaangua kicheko. Mgonjwa mwenye mguu wa plasta akanyoosha mkono.

"Mimi naunga mkono mashine."

"Wagonjwa hawana kura," katibu alisema.

"Basi andika nimeunga mkono bila kura."

Mikono ikainuka kitanda baada ya kitanda, hata wa dripu akainua ule mwingine. Mwenyekiti akajaribu kununa, ikashindikana.

"Msinichekeshe, mnaniumiza," alisema, huku na yeye ameinua mkono.

Jioni hiyohiyo mashine ilikuwa inazunguka, na Povu anazunguka nayo, kiuno hakina mfupa. Kesho yake mwenyekiti akapasuliwa, shuka kubwa, safi, imemfika kidevuni.

Mpwa sasa yuko kidato cha tatu. Juzi alimkuta shangazi yake kwenye kamba ya kuanikia, akamuuliza tena swali lilelile. Povu alibana shuka kwa vibanio, akajibu bila kugeuka:

"Bosi ni mgonjwa, mwanangu. Tabu ni kwamba wakubwa hawalijui hilo mpaka walazwe."