Chumba Alichonionyesha Mchumba wa Binti Yangu Italia

Admin, nifichie jina, maana Malindi kila mtu anamjua mwenzake. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, mnene kiasi, goti moja bovu, mdomo hauna breki. Huu ni mwaka wa sita nafanya kazi za ndani Saudia. Kwangu ni Riyadh, ila kwa sasa tumeshuka Jeddah kumuuguza mama yake madam. Zamani nilitandika vitanda miaka kumi na mmoja kwenye hoteli ya Mtaliano pale kwetu, kwa hiyo Kitaliano ninacho, hasa kile cha kugombezwa.

Binti yangu, nimwite Riziki, ana miaka ishirini na mitatu. Mwaka huu alinipigia simu akasema amepata mchumba, Mtaliano mwenye nyumba kubwa kwao. Nikamuuliza umri. "Mama nawe! Umeanza." Hapo nikajua ni babu. Ana sitini na mbili. Nikampa jina Babu Tambi.

Basi likizo ya kiangazi, madam na mumewe, ambaye sisi humwita baba, wakaamua kwenda Italia, na mimi nikabebwa kushika watoto na kuwatafsiria madukani. Jamani! Huko ndiko wanakotoka wale wanaotembea kifua mbele Malindi? Kuna mji maji yamejaa mitaani na watu wanatoka mbali kuyapiga picha. Kwetu mvua ikifanya hivyo tunamtukana gavana. Magofu ndiyo usiseme, hata Gede tunayo na hatujigambi. Kahawa wanakunywa wima, kikombe cha kuchezea watoto. Tambi hazina sukari wala iliki. Kwenye televisheni wanasiasa wanapayuka wote kwa pamoja, mhudumu wa hoteli akaniambia huenda serikali ikaanguka wiki hiyo, kisha akaniuliza kama naongeza mkate. Sisi kwetu siasa ikichafuka tunakimbilia kununua unga!

Nikamwomba madam ruhusa ya nusu siku nikamwone mkwe. Akasema, "Yalla, nenda, urudi kabla ya magharibi." Pasipoti ilibaki kwa baba. Treni ikachelewa saa nzima kwa sababu ya mgomo, na hakuna aliyeona aibu ila mimi mgeni.

Babu Tambi alinipokea stesheni. "Mama, karibu!" Mama, na kwa miaka yake mimi ndiye wa kumpa shikamoo. Ile nyumba kubwa ni ghorofa ya nne bila lifti, goti langu ni shahidi. Ndani, kitandani karibu na dirisha, amelala mama yake, bibi wa miaka tisini. Babu Tambi kwa kweli ni mpole. Alinikatia keki, nikala vipande vitatu huku namdharau.

Kisha akanionyesha chumba. Kitanda chembamba, kabati dogo, na mlango unaofungukia kwa bibi.

"Hapa atalala Riziki. Mama akikohoa, atamsikia."

"Na wewe unalala wapi?"

"Kule mwisho. Mimi nikisikia kelele sipati usingizi." Akatabasamu. "Aliyekuwa akimtunza ameondoka. Wanawake wa kwenu mna huruma ya kuzaliwa nayo."

Mwenzenu chumba cha kadama, yaani mtumishi wa ndani, nakijua hata nikifumbwa macho. Nimelala humo miaka sita. Huyu hatafuti mke, anatafuta mfanyakazi asiyeweza kuomba kurudishwa kwao mkataba ukiisha.

Nikampigia Riziki nikamweleza yote. Nilidhani atalia. Badala yake akasema, "Mama, si ndiyo kazi unayofanya wewe? Nyanya alipougua nilimtunza mimi, niko kidato cha tatu, wewe uko Riyadh unatunza wa watu. Mimi angalau nitaitwa mke."

Wajomba zake wanasubiri neno langu tu ndipo waseme ndiyo. Nikikataa, anasema ataondoka bila baraka zangu na simu zangu hatapokea tena. Nikikubali, nitakuwa nimemfungasha mwenyewe nikampeleka chumba kile.

Italia nzima nimeidharau, kuanzia maji yao mpaka wanasiasa wao, na ulimi haukuchoka. Lakini mbele ya mtoto wangu ulikwama. Wazazi wenzangu, na hasa nyinyi mlioacha watoto mkaja huku, nisaidieni. Nimjibu nini?