Sahihi ya Bi Mwanarehema

Bi Mwanarehema alipoajiriwa kwenye karakana yetu ya Utange, kazi yake ilikuwa kuchuja tui na kutuambia kama ni jeupe. Basi. Alikaa mlangoni na kifumbu chake, na kila tulipokuna nazi kwa mashine alikamua, akatazama, akatikisa kichwa. Tui lilikuwa la kijivu. Meno ya mashine yalikula mpaka ile ngozi nyeusi inayoshika kifuu.

Mashine ilikuwa ya Clifford, kijana wa bara aliyesomea uhandisi, na kampuni ilikuwa changa, jina lake limeandikwa mlangoni kwa chaki. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea. Nimeishia shule ya msingi, lakini mwandiko wangu ni mzuri na sisemi sana, kwa hiyo Clifford akanikabidhi daftari.

"Mzee Nguma," aliniambia, "kila wazo liingie humu. Tarehe, nani amelitoa, na yeye atie sahihi. Siku moja daftari hili ndilo litatupatia hataza."

Hataza, alinieleza, ni karatasi ya serikali inayosema kitu hiki umekibuni wewe, na mtu mwingine asikitengeneze bila ruhusa yako.

Mwezi wa nne wa tui la kijivu, Bi Mwanarehema aliweka kifumbu chini akaja kwenye meza yangu.

"Nyinyi hamjakalia mbuzi hata siku moja," alisema. Alimaanisha kile kigoda chenye ulimi wa chuma ambacho wanawake hukunia nazi. "Mkono wa mtu wajua pa kukoma. Meno yenu hayajui."

Akaokota msumari akanichorea sakafuni. Meno yapinde kwa ndani. Ya katikati yawe machache, tena mafupi. Nikayakata kama alivyochora, na siku ya tatu tui likatoka jeupe. Alionja kwa kidole, akanisogezea bakuli nami nionje.

Nikaandika kila kitu, akatia sahihi. Jina lake aliliandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni, pole pole, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

Clifford akainama kutazama. "Hii ni nini, shosho?"

"Ni mimi. Anza kusoma upande wa pili."

Clifford alipoondoka akanigeukia. "Uniandike vizuri, Nguma. Mimi sijapata kuandikwa popote ila kwenye kitambulisho na kadi ya kliniki."

Desemba ile mpwa wake Jalila aliolewa kwao Likoni. Kwa desturi yao, siku moja kabla ya harusi wanawake hukusanyika, kila mmoja na mbuzi yake, wakakuna nazi za wali pamoja. Bi Mwanarehema akaomba mashine. Clifford akakubali, akasema hayo ndiyo majaribio ya kweli, na yeye mwenyewe akaja akala. Mimi niliiunganisha na umeme nikajibanza nyuma ya ukuta wa jikoni.

"Fundi, mbona wajificha?" mwanamke mmoja aliniita. "Kwani sisi twala watu?"

"Mwacheni," mwingine akasema, "ameona mashine imetuachisha kazi, aogopa tutamkuna yeye."

Nazi mia mbili na arobaini zilikunwa, na hakuna jino lililopinda. Wanawake walipiga vigelegele na kushika simu juu. Jumatatu niliandika yote kwenye ukurasa wa thelathini na moja: mahali, hesabu ya nazi, watu wangapi walitazama. Bi Mwanarehema akatia sahihi chini yake.

Clifford hakupeleka ombi mwaka ule. Alibadilisha mota, akabadilisha mfuniko, akamtafuta mtu wa kumtilia mtaji mpaka akampata. Ikapita miezi kumi na minne tangu harusi. Ndipo wakili wake, Velma, alipomwambia kwenye simu kwamba kitu kikishaonyeshwa watu, una mwaka mmoja tu wa kukiombea hataza. Ukipita, kimekuwa cha kila mtu.

Clifford alikuja kwangu na daftari jipya.

"Nakili yote humu. Ukurasa wa thelathini na moja usiingie."

"Na sahihi za Bi Mwanarehema?"

"Unaweza kuziandika?"

Nilijaribu kwenye karatasi ya saruji. Zilitoka kama njia ya jongoo.

"Basi pale penye jina lake andika kampuni."

"Lakini meno ni yake."

"Mzee, hataza ikitoka tutamkumbuka. Isipotoka, tutamkumbuka kwa nini?"

Mimi mtu akiniambia jambo kwa haraka humkubalia ili amalize. Nimekuwa hivyo tangu utoto. Nilinakili kwa siku mbili, na Bi Mwanarehema alikuwa hatua tano kutoka kwangu, anakamua kifumbu.

"Waandika nini siku nzima?"

"Nasafisha daftari, bi. Lile lilikuwa na mafuta."

"Na mimi nimo?"

"Umo," nikasema.

Daftari la zamani Clifford alilichoma nyuma ya karakana pamoja na vumbi la makumbi. Tulipokwenda kwa wakili, Velma aliuliza kama mashine imewahi kuonyeshwa watu. Clifford akasema haijawahi. Velma akanitazama mimi, mwenye daftari. Nikatazama viatu vyangu.

Ombi lilikaa muda mrefu. Kisha ikaja barua. Mtengenezaji mmoja wa mashine, ambaye tayari alikuwa akiuza zenye meno kama yetu, alilipinga. Ushahidi wake ulikuwa video ya simu ya harusi ya Likoni, na tarehe yake.

Velma alikuja karakana mwenyewe. Hakuketi. Alituonyesha video ile: nazi, vigelegele, na Bi Mwanarehema akiwaambia wenzake kwamba meno ameyachora yeye. Kisha akatoa lile daftari jipya akampa Bi Mwanarehema.

"Bi, nionyeshe ulipotia sahihi."

Bi Mwanarehema alilifungua kutoka mwisho, kama alivyozoea, akaja mpaka mwanzo. Halafu akarudia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Aliyajua maandishi yangu. Akaniangalia, akalifunga daftari, akaliweka mezani, akachukua kifumbu chake na buibui lake akatoka.

Wakili alijitoa siku hiyo. Mwenye mtaji akafuata. Kabla ya mfungo wa Ramadhani karakana ilikuwa imefungwa, na mashine ikauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Nilikaa wiki tano kabla ya kwenda Likoni. Nilimkuta uani kwake, amekalia mbuzi, anakuna nazi kwa mkono.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Keti."

Nikaketi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yaliyotoka yalikuwa machache. Nilimwambia daftari la zamani limechomwa, na kwamba mimi ndiye niliyeandika lile jipya.

"Najua," alisema. Aligeuza nazi, akakoma pale ngozi nyeusi ilipoanza, akachukua nyingine. "Una mwandiko mzuri, Nguma. Hata uongo ukiuandika wewe wasomeka."

Hakunifukuza. Aliendelea kukuna, nami nikakaa pale mpaka nazi zikaisha.