Kauri Chini ya Kifuu

Juzi mtoto wa dada yangu amekuja Palma likizo kutoka Pemba yetu ya Msumbiji, na mkobani ana mchezo. Si wa simu, ndugu yangu. Ni dadu zenye pembe nyingi, na karatasi ngumu anayoisimamisha mbele yake ili wenzake wasione anachotupa. "Mama mdogo, mimi ndiye mestre, bwana wa mchezo," akaniambia. "Natunga hadithi, wao wanaishi ndani yake." Alidhani ananifundisha jambo jipya. Nilicheka mpaka nikamwaga chai.

Sisi tuliucheza huo, tukiuita safari, kwenye kibaraza cha bibi, msimu wa kumenya mihogo ya makopa. Tulipewa visu butu na lundo lisiloisha. Vidole vilinata utomvu, na kutoka jikoni harufu ya samaki wa nazi ilitutesa. Bibi alikaa karibu na uso wake mweupe kwa msiro, ule unga wa mti wanaojipaka wanawake wa kwetu, akijifanya hasikii upuuzi wetu. Lakini hadithi ikimchekesha, msiro ulipasuka mashavuni, nasi tukajua.

Mestre wetu alikuwa dada yangu mkubwa. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake ndani ya hadithi: mimi mpishi wa sultani, niwezaye kupika hata mawe yakaiva, binamu yangu mganga asiyejua dawa hata moja. Ulisema unachotaka kufanya, na penye hatari dada alitikisa kauri ndani ya kifuu cha nazi, akakipindua sakafuni, akainua ukingo na kuchungulia peke yake. Zikilala chali nyingi, umefaulu. Zikilala kifudifudi, pole yako. Hatukuomba kuona. Dada akisema, imesemwa.

Mwaka ule tulipata jirani mpya, fundi seremala aliyeshuka na familia yake kutoka bara, kwa Wamakonde. Binti yake alikuwa rika langu, akaja kutusaidia kumenya, na kisu chake kilituaibisha sote. Kwenye safari akawa mwindaji mwenye mkuki. Na bahati yake, wewe! Chui alimkosa, nyoka alimpisha njia. Sisi tulitumbukia mashimoni, binamu akageuzwa mbuzi, yeye hata mwiba haukumchoma. Mimi sikushangaa. Kwetu pwani mgeni hupewa kipande kinono cha samaki, na hata kwenye bao hafungwi.

Siku moja mwindaji akafika mto Ruvuma, mamba tele, akasema anavuka kwa kuogelea. Dada akapindua kifuu, akachungulia, akatabasamu. "Umevuka salama."

Binti wa fundi akaweka kisu chini. "Dada, mie sifi?"

"Kauri zimesema."

"Kauri zako zanipenda mno. Huyu kageuzwa mbuzi, yule kaungua mkono, mie tu sipatwi na kitu. Nyie mwacheza, mie mwanipitisha tu. Kama ndo hivyo, n'narudi kwetu."

Akasimama, akajikung'uta maganda. Roho ilinitoka. Mtaa mzima sikuwa na rafiki wa rika langu ila huyu, na nilijua akishuka kibaraza kile vile alivyokasirika, harudi. Ndipo bibi yetu asiyesikia akanena kutoka mkekani: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Huyo ana siku ngapi hapa?"

Dada aliona haya mpaka masikio. Akamsogezea binti wa fundi kifuu. "Haya, tupa mwenyewe, wote waone. Lakini zikikataa, zimekataa."

Akatupa. Zote kifudifudi.

Binamu alifumba macho. Mimi nilimtazama dada, nikimwomba kimoyomoyo aseme kauri zimegonga ganda, zitupwe tena, aseme chochote.

"Mamba kakushika mguu," akasema polepole. "Umepigana naye. Mkuki umevunjika. Umekufa."

Binti wa fundi alizitazama kauri, akatutazama sisi, kisha akajitupa chali juu ya maganda na kupiga yowe lililowatawanya kuku wote uani. Alikufa vizuri, ndugu yangu. Alirusha miguu, akafufuka kidogo, akafa tena. Msiro wa bibi haukubaki hata chembe. Tukamzika kwa maganda ya mihogo, naye akiwa kaburini akauliza, "Sasa nitakuwa nani?"

Kesho yake alifika kabla bibi hajafungua mlango. Tangu siku hiyo kauri zilitupwa mbele ya wote, tukaogopa kwelikweli, na kila tulipookoka tulicheza ngoma.

Kibaraza kile hakipo tena. Bibi ametangulia mbele ya haki. Vurugu za wenye silaha zilipokuja tulitawanyika, huyu Mtwara, yule Nampula, na binti wa fundi sijui alielekea wapi. Nami, kabla ya kurudi Palma, nilikuwa mgeni kwenye nyumba nyingi za watu. Walinitendea wema, Mungu awalipe: walinipa godoro lao, walinipa mnofu, walicheka hata utani wangu mbovu. Niliwashukuru wote. Lakini usiku mwingine nilimkumbuka mwenzangu pale kwenye maganda, uso unang'aa kwa furaha, nikatamani mara moja tu, kwenye kibaraza cha watu, mtu anitazame machoni aniambie nimekufa.