Kioo Kisicho na Mkwaruzo

Hebu fikiria benchi la kliniki ya macho mjini Mbarara, nilikokwenda kupimwa miwani. Amekaa mama mmoja, fundi cherehani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, jicho la kushoto limefungwa bandeji. Daktari ameshamwambia kwamba halitaona tena. Pembeni yake yuko dereva wa boda aliyemleta, amepakata helmeti kama mtoto mchanga. Kioo cha helmeti bado kina nailoni ya dukani.

Asubuhi ile, njiani kuja mjini, karibu na kituo cha Masha, walimkwepa ng'ombe wakaangukia kichakani, na kijiti kikamchoma mama jichoni. Helmeti ilikuwa inaning'inia kwenye usukani.

"Nilikuomba ile kofia kule Base Camp, tulipoanzia safari," mama alisema taratibu. "Ulinijibu nini?"

"Nyabo, kioo ni mpya. Vumbi inakwaruza. Hata mimi navaa tu nikikaribia polisi."

Mama alipitisha kidole juu ya kioo. "Kweli, haina hata mukwaruzo moja. Uliichunga muzuri. Na jicho yangu, ulimwachia nani aichunge?"

Dereva akaanza kubandua nailoni kwa ukucha. Sasa!

Nimefundisha watoto miaka mingi bila kupaza sauti, lakini pale nilitamani kupiga kelele. Tunamwogopa polisi kuliko upofu, na plastiki tunaitunza kuliko jicho la mtu!

Mama yule aliomba helmeti, akanyimwa, akapanda hivyo hivyo. Wewe ukinyimwa, tafadhali likumbuke jicho lake, usipande.